Iguse kwanza: roboti, tope la mikoko na macho yasiyosaidia

Ukimwambia mtu kazi yako ni kutengeneza roboti za kuingia sehemu ngumu, swali la kwanza karibu kila mara ni "ina kamera ngapi?" Na si watu wa barazani tu, hata wale wasomi wanaokaa mezani kuamua utafiti gani upewe pesa huuliza hivohivo, kamera ngapi, picha safi kiasi gani, ile akili bandia yenu inatambua vitu vingapi kwenye hizo picha. Mi huwa najibu kwa ufupi manake muda hauruhusu, nusu ya maneno nayasema kwenye boti ya kwenda Mokowe, nusu ingine kwenye simu na mtu ambaye netiweki inamkatakata, kwa hivo leo nimekaa nikaamua niandike yote pamoja, iwe ndefu ikitaka kuwa ndefu.

Jibu langu ni kwamba sehemu ngumu kwelikweli huwa hazionekani. Zinaguswa. Roboti ambayo haijui inakanyaga nini, hata uipe macho kumi, itakwama tu, na ikikwama mahali ambapo binadamu hawezi kuifuata basi ndo imekwisha hiyo, pesa na miaka ya kazi vimebaki huko.

Mi ni mtu wa Lamu na majaribio yangu nayafanya huku huku, kwenye vijito vya mikoko upande wa Kipungani na Matondoni, na mara chache kule Mkanda, ambako kama ushawahi kusafiri kwenda Pate unapajua, maji yakipwa boti zinangoja. Wenzangu wengine kwenye fani hii wanaota Mars, wengine wanaota bahari ya kilindi, na nawaheshimu sana, ntawataja mbele. Lakini nasimama na neno langu kwamba maji ya mita mbili ndani ya mikoko ni mojawapo ya sehemu ngumu zaidi duniani kwa mashine, na tena ni sehemu zenye faida kwa watu, manake Lamu ndo kaunti yenye mikoko mingi kuliko zote Kenya, zaidi ya nusu ya mikoko yote ya nchi iko kwetu.

Chukua kijito kimoja tu. Juu kuna majani, mkoko na muia na mkandaa vimeshikana, kwa hivo droni ikipita inaona kijani basi, setilaiti nayo hivohivo, inakupa ukubwa wa msitu lakini ya chini haikwambii. Ukiingia na boti unakutana na mizizi. Ukiingia kwa miguu unazama mpaka magotini, na pengine kiunoni, na ile mizizi ya mchu imechomoza wima kila mahali inakutoboa nyayo. Ukipiga mbizi huoni hata kiganja chako, maji rangi ya chai ya maziwa, na kila unapopiga teke unazidi kuyavuruga. Kamera hapo ya nini? Ukiwasha taa ndo umeharibu kabisa, mwanga unagonga zile chembe za tope zinazoelea unakurudia wewe mwenyewe, unachopata kwenye skrini ni weupe mtupu.

Haya, GPS. Mawimbi yake hayapiti kwenye maji ya chumvi, yanakufa kwenye sentimita chache za juu, kwa hivo roboti ikishazama haina habari iko wapi. Baharini watu wanatumia sauti badala yake, sauti majini inakwenda kama mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya mwendo wake hewani, na kwenye kilindi inafanya kazi vizuri sana. Sasa ilete kwenye kijito cha mita mbili. Inagonga chini, inagonga juu, inagonga mizizi, inakurudia mara nyingi nyingi na hujui ipi ndo ya kweli. Na juu ya yote maji yenyewe hayatulii, wakati wa bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, tofauti ya kujaa na kupwa huku inafika karibu mita 3, kwa muda wa saa sita tu, kwa hivo roboti iliyokuwa inaogelea asubuhi inajikuta mchana iko juu ya tope, jua la utosi, na inabidi itambae. Propela haitambai. Propela hata kuogelea huku ni shida, inavuruga tope na inakusanya nyavu chakavu na mishipi ya nailoni iliyotupwa mpaka inajifunga yenyewe.

Kwa hivo ukiviweka vyote pamoja unabaki na mashine isiyoona, isiyojua ilipo, na ambayo chini yake panabadilika kila saa. Kitabuni ukifika hapo unaambiwa ongeza vihisi, ongeza sona, vile vyombo vya kupima kwa sauti, ongeza leza. Mi nikaenda kuuliza watu.

Wavuvi wa pweza, wanawake kwa wanaume, maji ya bamvua yakipwa wanatembea juu ya mwamba na chuma chembamba kirefu, mtu akifika kwenye shimo hainami kuchungulia, anatia chuma. Jiwe lina jibu lake, mchanga una jibu lake, na pweza naye ana lake, anashika, anavuta, analegeza, anavuta tena. Mwenye kuzoea atakwambia yupo au hayupo, na mkubwa au mdogo, kabla hajaona hata mkono mmoja wa pweza. Hiyo habari yote imepita kwenye chuma ikaingia kwenye kiganja. Kisha kuna wazee waliokuwa manahodha wa majahazi enzi zile boriti za mikoko zinapakiwa Lamu kupelekwa Arabuni, kabla serikali haijapiga marufuku kuzisafirisha nje mwaka 1982. Mzee mmoja nilimkuta ukumbini kwake nikamuuliza habari ya bildi, ile risasi iliyofungwa kamba ya kupimia kina. Mi nilidhani anatumia kujua pima ngapi basi. Akaniambia, "Mwanangu, risasi ikipiga mwamba mkono hushtuka, ikipiga mtanga hutua, ikingia topeni hukawia kutoka. Mato hayafiki huko, mkono hufika."

Nilirudi nyumbani nikaanza kuchora upya kila kitu.

Manake uhandisi wa jambo hilo upo na si mgumu kuueleza. Mota ya umeme ikikutana na uzito inavuta umeme zaidi. Ukiipima vizuri, mara nyingi kwa sekunde, ule umeme unaovutwa unakwambia kitu kilicho upande wa pili kimesukuma nyuma kwa nguvu gani. Mguu wa roboti ukiingia topeni unakuchorea mstari, mwanzo laini, halafu unapanda, halafu pengine unafika mahali pagumu unapanda ghafla, na ukitoa mguu mstari unakwambia tope limeng'ang'ania kiasi gani. Sharti moja ni gia. Mota ndogo yenye gia nyingi ina nguvu lakini ni kiziwi, ule msuguano wa gia zenyewe unameza habari yote kabla haijafika kwenye mota. Ndo maana wenye fani wanapenda mota pana zenye gia chache au zisizo na gia kabisa, ni ghali na zinakula betri, lakini zinasikia. Nimetumia pesa nyingi zaidi kwenye mota kuliko kwenye kitu kingine chochote na sijutii hata shilingi.

Anayelifanya jambo hili kwa upana ni mtafiti anaitwa Feifei Qian, wa Chuo Kikuu cha Southern California huko Marekani. Kwenye mradi wa LASSIE, ambao NASA wana mkono wao, yeye na wenzake wanatembeza roboti ya miguu minne kwenye matuta ya mchanga ya White Sands, New Mexico, na kwenye miteremko ya Mlima Hood kule Oregon, na kila hatua ya ile roboti ni kipimo. Haisimami kutoa kifaa cha pembeni ichimbe. Inatembea, na ikimaliza kuvuka mteremko imeshakuwa na ramani ya wapi udongo umeshikana na wapi umelegea. Kilichonivutia zaidi ni kwamba wanafanya kazi bega kwa bega na wanajiolojia, roboti inawasaidia kufikiria ipime wapi tena, hatua inayofuata itafute nini. Qian alisomea udaktari wake kwenye labu ya Dan Goldman pale chuo cha Georgia Tech, Marekani hukohuko, na hiyo labu ndo moja ya zile zilizotoa utafiti wa mwaka 2016 kuhusu yule samaki mdogo wa topeni, si mnamjua, mwenye macho juu ya kichwa, anayerukaruka kwenye mizizi ya mikoko maji yakitoka. Sisi tumekua tukimfukuza utotoni. Wao wakamchunguza, wakatengeneza roboti yake, wakaona kwenye mchanga tambarare mkia haumsaidii kitu kikubwa, lakini mteremko ukiwa mkali na mchanga unaporomoka basi mkia ndo unaomwokoa, akisukuma na mkia kwa wakati mmoja na mapezi anapanda, bila hivo anateleza chini. Hebu fikiria, samaki wa uani kwetu amefundisha watu wa Georgia jinsi wanyama wa kwanza walivoweza kutoka majini, na kwenye shule zetu za Lamu sijaona mtoto anafundishwa habari hiyo.

Sasa njoo Mars, manake hapa ndo watu wanaona picha nzuri wanadhani kazi yote ni kamera. Spirit, kigari cha NASA cha magurudumu kisicho na dereva, ilitua mwezi wa kwanza 2004, ilipangiwa siku 90 ikadumu miaka. Mwaka 2006 gurudumu lake la mbele la kulia likafa, halizunguki tena. Wahandisi wakaamua iendeshwe kinyumenyume, inaliburuta lile gurudumu bovu nyuma yake, na likawa linachimba mfereji kila inapopita. Mwaka 2007 ule mfereji ukafukua udongo mweupe, wakaupima, ukakutwa karibu asilimia 90 ni silika tupu, kitu ambacho kwa kawaida kinahitaji maji ya moto au mvuke kukitengeneza. Yaani mojawapo ya ushahidi mkubwa kabisa wa maji ya kale ya Mars uliletwa na gurudumu lililokufa kwa sababu lilikuwa linakwaruza ardhi. Kamera zilikuwa zimepita juu ya udongo wa namna ile bila kuona kitu, juu ulikuwa umefunikwa na vumbi la kawaida. Na sayari ileile, miaka miwili baadaye, ikaishika. Mwaka 2009 Spirit ikavunja gamba jembamba la juu, chini yake mchanga laini, magurudumu yakazama, wakajaribu miezi na miezi kuitoa hapana, na mwezi wa tatu 2010 ikaongea kwa mara ya mwisho. Juu ya lile gamba hapakuwa na alama ya kuonya. Mtu yeyote aliyekanyaga tope la mikoko lililokaushwa juu na jua anajua jambo hili kwa mguu wake mwenyewe, unaona pagumu, unaweka uzito, unazama.

Mi kisa hiki kinanigusa sana, si kwa sababu roboti ina roho, ila kwa sababu najua kuna watu waliokaa mbele ya skrini miezi ile yote wakitafuta njia.

Na Fukushima, kile kituo cha nyuklia cha Japani. Baada ya tsunami ya mwezi wa tatu 2011 mafuta ya nyuklia yakayeyuka ndani ya mitambo mitatu, na ndani mule binadamu haingii, mnururisho, ile mionzi ya nyuklia, unamuua. Roboti nyingi zimetumwa na kadhaa zimebaki humohumo, nyingine kebo ilinasa, nyingine chipu zikachomwa na mnururisho. Mwezi wa saba 2017 walituma moja ndogo ya kuogelea ndani ya mtambo namba 3, kipenyo chake sentimita 13 tu manake bomba la kuingilia lilikuwa jembamba, ikapiga picha za vitu vilivoganda ambavyo vilionekana kuwa ni yale mafuta yaliyoyeyuka. Dunia nzima ikaziona. Lakini mtu anayetakiwa kusafisha pale hawezi kufanya mpango kwa picha, anataka kujua hayo mabonge ni magumu au malaini, yameshikana na sakafu au yamelala tu. Jibu lilikuja mwezi wa pili 2019, kwenye mtambo namba 2, kifaa kilichofungwa vidole kikashushwa kikayagusa. Vipande vidogovidogo vikainuka, vingine vikagoma kabisa havikusogea. Siku moja ya kugusa ikawaambia kitu ambacho picha za miaka hazikusema. Na mwaka 2024, mwezi wa kumi na moja, ndo wakafanikiwa kutoa kipande cha kwanza nje, hakifiki hata gramu moja, wakati ndani kunakadiriwa kuna tani 880. Kazi ya vizazi hiyo.

Kuna pia wale wa Zurich, Uswisi, na roboti yao ya miguu minne inaitwa ANYmal. Mwaka 2020 walichapisha utafiti wa kuitembeza bila macho kabisa, imezima kamera, inategemea tu inachohisi kwenye viungo vyake, na ikapita kwenye tope, theluji, vijito, vichaka, sehemu ambazo hawakuwahi kuifundisha. Baadaye ndo wakairudishia macho, lakini kwa utaratibu kwamba macho yakidanganya, mfano majani marefu yanaonekana ni ukuta au theluji inaonekana ni sakafu, roboti inaamini miguu. Roboti za ukoo huo ndo zilizokuwa kwenye timu ya CERBERUS iliyoshinda mashindano ya mapangoni ya DARPA, shirika la utafiti la jeshi la Marekani, mwaka 2021 kule Kentucky, giza, vumbi, moshi, dola milioni 2. Ukipanga hivi, miguu kwanza halafu macho, hata macho yenyewe yanafanya kazi vizuri zaidi. Hilo ndo nalisisitiza kila ninapopewa nafasi ya kuongea, na hapo watu wa kamera hukunja uso.

Haya, yangu. Ni ndogo, unaibeba kwa mikono miwili, ina mapezi manne badala ya propela. Wazo la mapezi si langu, Maarja Kruusmaa na kundi lake kule Tallinn, Estonia, walishatengeneza roboti ya namna hiyo inaitwa U-CAT, imeiga kasa, kwa ajili ya kuingia ndani ya meli zilizozama, manake mapezi hayavurugi tope vile propela inavyovuruga. Nikisoma habari zao naiwaza Ngomeni, kule juu ya Malindi, ambako kuna meli ya Kireno imelala chini na wanaakiolojia wa Makumbusho ya Taifa wamekuwa wakipiga mbizi kuichunguza, kwenye maji ambayo si mbali na mdomo wa mto Sabaki, na Sabaki ukileta tope lake bahari yote inageuka hudhurungi mpaka watalii wa Malindi wanalalamika. Mapezi yangu nimeyafanya mapana na magumu kidogo ili maji yakitoka yageuke miguu. Kila pezi lina mota yake na kila mota inasikilizwa.

Boksi la vifaa ndo lilinisumbua. Maji ya chumvi yanaingia popote, hayana adabu, na yakishaingia kwenye betri ya lithiamu unasikia harufu kabla hujaona moshi. Raba za duara za kuzibia zilikuwa nzuri mezani lakini tope laini linajipenyeza chini yake, boksi likifunguliwa na kufungwa mara kadhaa raba inakaa juu ya chembe, ishavuja. Fundi mmoja wa majahazi Matondoni aliniangalia nikihangaika akasema, ami, wewe unafungua kitu mara nyingi mno, chombo kikishatiwa kalafati hakifunguliwi mpaka kikwekwe pwani. Kweli. Sa hivi boksi halifunguliwi kabisa, betri inachajiwa kutoka nje bila waya, data inatoka kwa redio roboti ikiwa juu ya maji, na kuvuja kumekwisha. Wavuvi wa jirani wanaisogelea, wanaigeuza, wanauliza inakula nini. Maswali yao mengi ni mazuri kuliko ya wale wa mezani.

Inafanyaje kazi? Inaogelea kijitoni maji yakijaa, ikipata kina kidogo inashusha mapezi inagusa chini, inachora ule mstari niliousema, inaandika chumvi ya maji na joto lake, inasogea. Maji yakipwa inatambaa na kila hatua inachora tena. Nikikaa na laptopu jioni nikiyapanga yale mamistari naona tofauti waziwazi kati ya mchanga uliochanganyika na tope, tope jororo la katikati ya kijito, na lile lililoshikwa na vijizizi vya mkoko. Vijizizi vina alama yake, pezi linaingia, linakwama kidogo, linaachiwa, linakwama, linaachiwa. Mara ya kwanza nilidhani mota imeharibika. Nikaenda na mtu anayeijua sehemu ile tukachimba kwa mkono, tukakuta ni vijizizi kweli, vyembamba, vimefumana, kwa juu huoni kitu.

Kwanini mtu ajali? Kwa sababu watu wanapanda mikoko. Vikundi vya kina mama, vijana, shule, wafadhili wanakuja na fulana na miche, siku moja mnapanda maelfu, picha zinapigwa. Baadaye ukirudi unakuta sehemu nyingine imekuwa na sehemu nyingine miche yote imelala au imepelekwa na maji. Duniani kote wanaofuatilia mikoko wanalia na jambo hilihili, miche inapandwa mahali ambapo tope halifai au maji yanakaa juu yake muda mrefu mno. Wenyeji wengi wanajua hapa inashika na hapa haishiki, wanajua kwa kukanyaga, lakini wao hawawezi kukanyaga kila mahali, na yule mwenye pesa anakuja na ramani ya setilaiti inayoonyesha pako wazi, basi panda hapo. Mi nataka siku hiyo kikundi kiweze kuweka mezani ramani yake chenyewe, inayosema hapa tope linabeba, hapa halibebi, tulipagusa. Hicho tu. Na mikoko si boriti peke yake, ndo kitalu cha kamba na samaki, na tope lake ndani limehifadhi kaboni nyingi kuliko udongo wa misitu mingi ya bara kwa eneo lilelile, na sasa kuna biashara ya kuuza hiyo kaboni, kwa hivo atakayekuwa na vipimo vya tope ndo atakayekuwa na sauti kwenye meza hiyo.

Hapa niongee kwa uwazi. Bandari ya Kililana, ile mpya ya Lamu, ilipojengwa bahari ilichimbwa, na wavuvi wakaenda mahakamani, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi ikaamua wavuvi kama 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Gati la kwanza likafunguliwa 2021. Sitaki kurudia mabishano yote ya kesi ile, lakini mtu akiniuliza kwanini chini ya bahari kupimwe na watu wa Lamu wenyewe, na vipimo vikae Lamu, namwambia asome kesi ile. Mvuvi anajua mwamba wake na mkondo wake, ila mbele ya jaji anaambiwa alete karatasi.

Na pwani hii si mgeni wa vyombo vya kuhisi visivyoonekana. Tarehe 12 mwezi wa 12 mwaka 1970, siku ya Jamhuri, kutoka kwenye jukwaa la San Marco lililosimama baharini hapo Ngomeni, ilirushwa setilaiti ikaitwa Uhuru, ya kwanza kabisa duniani iliyotengenezwa kwa ajili ya kuchunguza anga kwa eksirei tu. Walioirusha walichagua hapa kwa sababu tuko karibu na ikweta na mzunguko wa dunia unaisaidia roketi. Eksirei za nyota hazifiki chini, hewa inazizuia, jicho haliwezi kabisa kuziona, na ni Uhuru hiyohiyo iliyosaidia wanasayansi kuijua Cygnus X-1, mojawapo ya vitu vya kwanza kukubaliwa kuwa shimo jeusi. Riccardo Giacconi aliyeongoza kazi ile alipewa tuzo ya Nobel 2002. Mi nikipita Ngomeni naangalia yale majukwaa nafurahi na nasikia uchungu kwa pamoja. Jina lilikuwa letu na bahari ilikuwa yetu, lakini maswali yaliyoulizwa yalitoka kwingine. Safari hii nataka maswali yaulizwe na watu wa Kizingitini na Kipungani na Mayungu, kuanzia mwanzo, hata kama mota zinatoka nje.

Kuhusu pesa sina mengi, hazitoshi, tunasukuma.

Kilichobaki kigumu ni hiki. Mistari ya pezi inanitenganishia tope na mchanga na vijizizi, lakini kwenye mwamba wenye mashimo inachanganyikiwa, kila kitu kinaonekana kigumu tu, na mkono wa mvuvi wa pweza hauchanganyikiwi. Kuna kitu mkono ule unafanya ambacho mashine yangu haifanyi, nadhani ni vile mtu hatii chuma mara moja, anakitikisa, anakizungusha, anabadilisha nguvu kidogokidogo kulingana na jibu alilopata, yaani anauliza swali la pili kutokana na la kwanza. Kwa hivo mpango wa bamvua ijayo ni kufunga kihisi cha nguvu kwenye chuma chenyewe cha pweza, karibu na kiganja, mvuvi afanye kazi yake ya kawaida na mi niandike kila mtikiso na alichosema kipo shimoni, halafu mashine ijifunze kutoka kwa mkono huo. Bi mmoja wa Kizingitini ameshakubali, kwa masharti mawili: kidude kisikifanye chuma chake kuwa kizito, na pweza wote watakaopatikana ni wake.